Jina la Mtu Aliye Hai

Kaka yangu aliitwa jina la ukoo la Kiairishi. Sitaliandika hapa, na si kwa maringo. Mama amelipiga marufuku nyumbani, na mimi ninayejidai mtu wa mjini nisiyetishwa na mambo kama hayo, nimegundua kwamba mkono wangu nao unagoma. Inatosha kusema ni jina fupi, zito mwanzoni, na kwamba sisi tuliliongezea irabu mwishoni ili litamkike, kama tunavyofanya na kila kinachotujia kutoka ng'ambo.

Jina lenyewe lilikuwa la padre. Alifika Nyamira kabla sijazaliwa, akakaa parokia ya kwetu, juu kidogo ya Ikonge, miaka mingi kiasi cha kujua lugha yetu, Ekegusii, ya kusalia na ya kutukania. Alikuwa mrefu, masikio yake makubwa na mekundu, na alikuwa na pikipiki iliyosikika kabla haijaonekana. Mama alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya pili karibu impoteze yeye mwenyewe, na ni padre huyo aliyempakia kwenye ile pikipiki mvua ikinyesha, akamfunga kiunoni mwake kwa mshipi wa kanzu asianguke, akamfikisha hospitali. Mama hulisimulia jambo hilo kwa aibu hadi leo, kwamba alifungwa kwa mwanamume asiye wake, tena mtu wa Mungu. Lakini hulisimulia.

Baadaye padre aliugua, akarudishwa kwao. Muda si mrefu katekista akatoka mjini Kisii na habari. Alisimama mbele ya kanisa Jumapili, akavua kofia, akasema padre fulani, akalitaja jina, amefariki huko Ireland. Watu wakalia. Padre mpya, Mwafrika ambaye hakuwahi kumwona mwenzake, akasoma misa ya marehemu.

Kwa wasiotujua, nieleze. Mkisii akifa, jina lake haliachwi lilale naye kaburini. Mtoto wa kiume atakayezaliwa hulichukua la mwanamume, wa kike la mwanamke, na kwa kulichukua, aliyeondoka anakuwa amerudi kidogo. Ndiyo maana utamsikia ajuza akimwita mjukuu anayenyonya "baba mkwe", na kumwonea haya kwelikweli, hata asimbadilishe nepi. Lakini kuna sharti. Mwenye jina lazima awe amekufa. Kumpa mtoto jina la aliye hai ni kumwambia huyo aliye hai aondoke, na asipoondoka watavutana, hadi mmoja ampishe mwenzake. Siku hizi mjini watu wanawapa watoto majina ya wachezaji mpira walio hai na wenye afya, na hakuna anayedondoka uwanjani. Nalijua hilo. Nimelisema nyumbani mara nyingi hadi nikaambiwa ninyamaze.

Mama alikuwa na mimba wakati ule wa habari, na safari hii ilikuwa imeshika. Kaka yangu alizaliwa mzima, analia kwa hasira, na hakukuwa na mjadala kuhusu jina. Baba alikubali kabla hajaulizwa. Wala si sisi peke yetu. Mwaka ule kila kitu kilichokosa jina kilipewa hilo. Watoto wengine kadhaa wa parokia walibatizwa nalo. Wodi ya akina mama aliyoijenga pale zahanati iliandikwa nalo kwa rangi ya bluu. Chemchemi aliyoizungushia saruji ikaitwa hivyo, na njia panda iliyo chini ya nyumba yetu, alikokuwa akiiacha pikipiki matope yakizidi, ikaitwa hivyo. Fahali wa mbegu ya maziwa aliyemleta kutoka mashamba ya Wazungu, ambaye alikuwa amempanda kila ng'ombe wa kata nzima, akaitwa hivyo, na ndama wake wa kiume baada yake. Na lile sufuria kubwa alilowanunulia akina mama wa kanisa, la kupikia harusi na matanga, ambalo watu wawili hulishika masikio kulitua motoni, nalo likapata jina. Sufuria bado liko. Vingine nitavieleza.

Nilikuwa chekechea padre aliporudi.

Parokia ilikuwa na jubilei, kuna turubai, kuna kwaya tatu, na kaka yangu alikuwa miongoni mwa watoto wa kucheza mbele ya altare, kaptula imepigwa pasi hadi inang'aa. Gari la askofu likaingia, mapadre wageni wakaanza kushuka. Wa mwisho akashuka mzee mrefu, nywele zimekuwa nyeupe, masikio yaleyale. Mimi sikumjua. Ninachokumbuka ni kwamba kelele zilikatika, na bibi kizee mmoja akasema "Nyasae!", yaani Mungu, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga nyoka, akakusanya leso yake akakimbia kuelekea kwenye migomba. Wengine wakamfuata. Mzee akacheka, akidhani ni furaha.

Alipanda mimbari akaeleza kwa Ekegusii. Aliyekufa ni kaka yake mkubwa, padre vilevile, aliyewahi kuhudumu upande mwingine wa Kenya kabla ya kufia kwao. Habari za mjini zilikuwa za kweli. Ila ni sisi tuliodhani kwamba jina hilo lina mtu mmoja. Kwetu wakati ule ndivyo ilivyokuwa. Babu alikuwa na lake, ndugu yake tumbo moja alikuwa na lake, na hakuna aliyeweza kuwaza kwamba ndugu wangeitwa jina moja wote, kama mbuzi waliokatwa sikio kwa alama ya mwenye boma.

"Kwetu jina ni la nyumba nzima," alisema mzee. "Baba yangu aliitwa hivyo, mimi ninaitwa hivyo, wadogo zangu, watoto wao, hata binamu tusiosalimiana. Tuko wengi kuliko mvua ya hapa Ikonge."

Akacheka tena, peke yake. Kisha akauliza kama ni kweli alivyosikia, kwamba kuna watoto wanaoitwa kama yeye, wajitokeze awaone. Akina mama wakawavuta watoto wao nyuma ya sketi. Mama pekee ndiye aliyemsukuma wake mbele. Mzee akamnyanyua kaka yangu juu, akambusu paji la uso, akamtilia peremende mfukoni. Kaka alikuja kuila nyuma ya choo, nusu yake, nusu akanipa mimi.

Kabla ya Jumapili iliyofuata wale watoto wengine wote walikuwa wamepewa majina mapya. Mmoja wao alikuwa darasa moja na kaka yangu. Mwalimu alikuwa akiita jina la zamani na mtoto ananyamaza, kama alivyofundishwa. Mama alikataa. Alisema jina si sufuria la kuazima, kwamba alirudishe likiwa limeoshwa. Alisema padre alimwokoa, na kama padre anaishi basi Mungu ni mwema, wataishi wote wawili. Magokoro, yaani nyanya yetu mzaa baba, aliyekuwa na ulimi wa pilipili, alimjibu mbele yetu sote.

"Umemkalisha mwanao kwenye kiti cha mtu aliyetoka nje kukojoa tu. Atarudi adai kiti chake."

Tulicheka sisi watoto, kwa sababu ya kukojoa. Mama hakucheka, wala hakubadilisha. Nadhani yeye alikuwa ameshazika majina mawili ya watoto ambao hawakupata kuzaliwa, na hakuwa na nguvu ya kuzika la tatu. Hilo ni wazo langu. Yeye hajawahi kulisema.

Kaka yangu mwenyewe alilivaa jina lile bila wasiwasi, kama koti la mitumba linalomtosha. Wageni wakimuuliza kama yeye ni Mwairishi, anajibu, "Ndiyo, wa Ikonge, wale walioungua na jua." Lile sufuria alikuwa akiliita pacha wake, likipita begani mwa akina mama kwenda matangani, anawauliza pacha wake anakwenda kuchomwa kwa kosa gani. Ndama akizaliwa wa kiume kwa jirani, anatuma salamu kwa mjomba. Kila Krismasi yule mzee alituma salamu kutoka kwao, zikasomwa kanisani, na hakosi kuuliza habari za "mwenzangu". Kaka anasimama, anainua mkono, watu wanamtazama kisha wanatazama miguu yao.

Baba alikufa tukiwa shuleni. Magokoro akafuata. Kaka akapata kazi kiwanda cha majani chai upande wa Itumbe, kwenye mabirika ya kunyaushia, kazi ya kugeuza majani mabichi na kuyasikiliza, alivyokuwa akisema, hadi yaache kunung'unika. Alikuwa akirudi nyumbani ananukia chai kuliko chai yenyewe. Hakuoa. Kila msichana aliyefika mbali kidogo, kuna shangazi yake aliyejua habari ya jina. Mimi niliolewa Mosocho, nikafungua duka la dawa za mifugo na mbegu pale sokoni. Siku nzima nauza dawa ya kupe, chanjo ya kuku na ushauri ambao hakuna anayeufuata.

Ikaja siku kaka yangu akanipigia kuniambia ugali umekuwa na miguu, unapanda badala ya kushuka. Nikacheka. Baada ya wiki chache hakuweza kumeza mchele. Nikamchukua hadi hospitali mjini Kisii, wakamtumbukiza mrija wenye kamera, na daktari kijana mwenye macho ya kukosa usingizi akatuita ofisini. Saratani ya koo la chakula. Alisema imechelewa kuonekana, kama ambavyo huchelewa kwa wengi wanaotoka pande zetu. Alizungumza vizuri, kwa Kiswahili cha polepole, na sikumpenda hata kidogo.

Mama alipoambiwa hakuuliza habari ya dawa wala ya daktari. Aliuliza, "Yule mzee yuko hai?"

Salamu za Krismasi zilikuwa zimesomwa miezi michache nyuma. Yuko hai, mzee sana, bado anatembea hadi kanisani kwa fimbo.

"Basi," Mama akasema, akakaa chini.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba koo halijui majina. Nilimwambia habari za chai tunayoinywa ikiwa moto wa kuunguza, habari za moshi wa jikoni, kila nilichokuwa nimesoma. Alinisikiliza kama anavyonisikiliza mteja wa dukani anayesubiri nimalize ili anunue dawa aliyoijia. Kisha akasema, "Wewe una simu inayojua kila kitu. Niangalizie kama amekufa."

Ndivyo ilivyoanza kazi yangu nyingine. Mchana, wateja wakipungua, ninaegemea kwenye magunia ya chakula cha kuku naandika jina la kaka yangu kwenye simu. Kitu cha kwanza kinachojitokeza ni ukurasa unaosema kwamba jina hili laweza kuwa na maana nyingi, kisha unazipanga. Kumbe ni mji mdogo Marekani, picha inaonyesha kanisa na kituo cha mafuta. Ni mlima Australia. Ni kisiwa cha barafu tupu wasikoishi watu. Ni meli iliyozama, ni kiwanda cha wiski, ni aina ya kiti cha bembea, ni bondia, ni mbunge aliyefungwa jela kwa hila. Niliusoma mara ya kwanza nikicheka, kwa sababu nilijua jinsi kaka yangu angeyapokea; na kweli nilipompelekea alisema ile meli ndiyo ndugu yake wa karibu zaidi. Halafu nikausoma hadi chini nikitafuta fahali, chemchemi, sufuria, njia panda ya Ikonge. Nilimtafuta na yeye. Najua ni upuuzi. Nilitaka tu mtu mmoja huko duniani awe ameandika kwamba jina hili ni pia mtu anayenyausha majani chai Itumbe.

Baada ya hapo nikafika kwenye vifo. Waairishi hutangaza vifo vyao mtandaoni kila siku, kwa maneno ya adabu, fulani amefariki kwa amani, jamaa wakiwa kando ya kitanda. Watu wa jina lile walikuwa wakifa hovyo. Mkulima, muuguzi, mama wa watoto wengi, fundi wa saa. Kila nikiliona jina, natazama umri, natazama picha, si yeye. Nafunga simu namhudumia anayetaka dawa ya minyoo. Jioni Mama anapiga.

"Bado?"

"Bado, Mama."

"Ni mtu gani huyu asiyechoka!"

Nami, niliyesoma, niliyemfokea mama yangu kuhusu moshi na chai ya moto, nilikuwa nimeanza kusema Salamu Maria kwa ajili hiyo. Naliandika wazi. Nilikuwa nikimwombea mzee wa watu afe, mzee ambaye hakututendea chochote ila mema. Sikuamini kwamba ingesaidia. Nilikuwa nimekosa kitu kingine cha kuomba, kwa sababu kaka yangu sasa alikuwa anameza uji peke yake, tena kwa kijiko cha mtoto, na shati lilikuwa linamning'inia kama limeanikwa.

Nikampata siku ya soko, duka limejaa. Nilikuwa nimeishika simu mkono mmoja na mzani mkono wa pili. Picha ilikuwa ya uzeeni kabisa, lakini masikio hayazeeki. Iliandikwa kwamba alitumikia Kenya miaka mingi na aliwapenda watu wa huko. Nilimwachia mzani mwenye duka jirani, nikafunga, nikaenda zangu Ikonge bila hata kuvua aproni.

Mama alikuwa kwenye chai, kikapu mgongoni. Aliniona nikishuka mteremko kwa haraka, akashika kifua, akidhani ninaleta lingine. Nikapiga kelele nikiwa mbali, "Amekufa! Mzee amekufa!" Mama akatua kikapu. Akainua mikono akapiga vigelegele, vile virefu vya harusi, majani machanga yamemjaa kwenye viganja na yanaanguka. Majirani wakatokeza kwenye mistari ya chai kuuliza nani ameposwa. Nami nilicheka. Nilisimama katikati ya shamba nikacheka hadi machozi yakanitoka, nikamkumbatia mama yangu, na kwa muda ule mfupi niliamini. Mtu akiniuliza furaha kubwa kuliko zote niliyopata kuionja, nitalazimika kudanganya.

Tulimkuta kaka yangu ameketi uani juani, blanketi mabegani. Mama alimwambia akiwa amemshika magoti. Sauti yake wakati huo ilikuwa imebaki kama ya karatasi, ilibidi uiname kumsikia.

"Mnashangilia matanga ya watu," alisema. Kisha akasema, "Alinipa peremende yule. Mwambieni padre amsomee misa."

Mama alichinja kuku hata hivyo. Mchuzi wake aliuchuja kwa kitambaa akaukoroga kwenye uji, na kaka yangu akamaliza nusu kikombe, wakati siku zote alikuwa akiishia vijiko viwili vitatu. Mama aliniangalia juu ya kichwa chake kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu Baba alipokuwa hai. Kesho yake akaenda mwenyewe kulipa misa ya mzee, akavaa leso mpya, na njiani akawaambia watu wote kwamba mwenye kiti ametoka kabisa, sasa kiti ni cha mwanawe.

Kwa siku kadhaa akamlisha. Kwa siku kadhaa akasema rangi imerudi. Mimi niliiona rangi hiyo, nikajua si ya uzima. Halafu kaka yangu akaacha kumeza hata maji, akawa analoweshwa midomo kwa pamba, na asubuhi moja ya Jumanne, Mama akiwa ameenda chemchemini kumtekea maji ya baridi aliyoyapenda, akafariki mimi nikiwa nimemshika mguu. Chemchemi ile ilikuwa inatoka kwa kudondoka tu, kwa sababu ya mikaratusi iliyopandwa juu yake ikanyonya maji, kwa hiyo Mama alikawia. Alirudi na mtungi haujajaa nusu. Aliutua, akamtazama, akanitazama mimi.

"Lakini si ulisema amekufa?" aliniuliza.

Nikasema nilisema, na ni kweli.

"Basi mbona?"

Sijawahi kuulizwa swali nikatamani sana kuwa na uongo wa kujibu.

Siku ya mazishi kulikuwa na watu wengi, wa kiwandani walikuja na basi zima. Akina mama wa kanisa walipika. Nilikuwa nimekaa na Mama chini ya hema karibu na jeneza, na nyuma ya nyumba tukawasikia wakiitana. Kwanza mmoja aliuliza aliko, akalitaja jina. Mwingine akasema bado yuko kule mazishi ya jana, hajaoshwa. Wa tatu akasema waende wawili wamlete, kwa sababu mmoja hamwezi. Hawakuwa na nia mbaya. Sufuria hilo halina jina lingine. Kisha wakakumbuka, wote kwa pamoja, na jiko likanyamaza kabisa, hata moto nikausikia ukilia. Chakula kilichelewa siku hiyo. Walipika kwa vijisufuria vidogo vidogo vilivyokusanywa majumbani. Kaka yangu angecheka sana, na kutokuwepo kwake hapo wa kucheka ndiko kulikonivunja, si mahubiri wala udongo.

Baada ya hapo Mama akakataza jina. Wodi ya zahanati ilipakwa rangi mpya wakati mwanasiasa mmoja alipoikarabati, akaandikwa yeye. Fahali wa mwisho wa ukoo ule aliuzwa buchani. Sikusikitika, nilidhani jinsi linavyofifia ndivyo Mama atakavyopumua.

Mwaka huu nimejifungua mtoto wa kiume. Mume wangu anao marehemu wake wanaongoja foleni, na desturi ni kwamba wa upande wake ndio wa kwanza. Lakini mama mkwe wangu, mwanamke wa maneno machache, alikuja akaniambia nikiwa bado kitandani, "Mwanangu, ndugu yako hakuacha mtoto. Mpe huyu jina lake. Wetu watangoja." Nililia hadi mtoto akaamka. Sasa hakukuwa na kizuizi. Mzee alikuwa amekufa, kaka alikuwa amekufa, sharti limetimia mara mbili. Kaka yangu angerudi kidogo. Niliyesema mara elfu kwamba majina ni majina tu, nilihesabu hivyo bila kuona haya.

Nikampeleka mtoto Ikonge. Mama alimpokea mlangoni, akamnusa shingoni, akakaa naye kwenye kigoda palepale alipokuwa akikaa kumlisha mwanawe uji. Nikamwambia aliyosema mama mkwe. Nilingoja alie, au acheke, au apige vigelegele tena.

"Mshukuru sana," alisema. "Lakini usimpe."

"Mzee alishakufa, Mama."

"Fungua ile simu yako. Andika jina."

Nikaandika.

"Wako wangapi walio hai?"

Nikateremsha kwa kidole. Kulikuwa na msichana aliyeshinda medali ya kuogelea. Kulikuwa na mwanamume anayegombea udiwani, anatabasamu kwenye bango. Kulikuwa na mwenye duka la maua, na mapacha waliozaliwa juzi, wamevikwa kofia za sufu, na jina lile chini yao. Niliendelea kuteremsha na hawakuisha.

"Alisema mwenyewe kanisani, tukamsikia sote," Mama akasema. "Wako wengi kuliko mvua. Mimi nilidhani ni yule mzee peke yake anayelishikilia. Nilikaa nikingoja mtu mmoja afe, kumbe hata yeye alikuwa amelikalia pamoja na wengine. Jina hilo halitakuwa wazi kamwe."

"Mama, ilikuwa saratani."

"Najua ni saratani." Hakupandisha sauti. "Sijakuuliza kilichomuua. Nakuuliza, atarudi kupitia wapi?"

Nikaifunga simu, nikaitia mfukoni. Mwanangu ataitwa jina la babu wa mume wangu, jina zuri, wazi, lenye mtu mmoja tu ndani yake, tena amekufa zamani. Kaka yangu hana mlango.

Chini, pale njia panda, vijana wa boda walikuwa wanaitana na kutangaziana wanakoelekea, na mmoja akalitaja jina la mahali pale, lilelile la kaka yangu, kwa sauti kubwa, mara mbili. Mama akamfunika mtoto masikio kwa viganja vyake.